Wiki 9 zilizonichukua wiki 18: tathmini ya ratiba ya Couch to 5K

Ninachokitathmini hapa hakiuzwi dukani, na kukipata hakukunigharimu hata shilingi moja. Ni ratiba ya mazoezi ya kukimbia iitwayo Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5. Nilianza kuitumia Dar es Salaam nikiwa mwanamke wa miaka 43, mwenye kilo 94 kwa urefu wa sentimita 160, mwenye presha, na ambaye tangu amalize kidato cha nne hakuwahi kukimbia ila kwa kuwahi daladala. Sifa za ratiba hii zimeandikwa sana na watu wa nchi za baridi. Mimi nitaeleza ilivyonifaa, na pale iliponipungukia, nikiwa mkazi wa Mwananyamala ninayefunga Ramadhani na kufanya mazoezi kwenye joto la pwani.

Novemba 2023 nilikwenda kupima nikidhani nina malaria, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeniuma siku nne mfululizo. Malaria haikuonekana. Kilichoonekana ni presha ya 158 kwa 98, na sukari ya 6.4 kabla ya kula. Daktari alinifafanulia kwa upole kwamba presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo huhesabiwa kuwa ugonjwa, na kwamba sukari ya asubuhi ikifika 7.0 huitwa kisukari. Kwa hiyo upande wa presha nilikuwa nimeshaingia ndani, na upande wa sukari nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinirudisha mara mbili nyingine ili kuthibitisha, kisha akanianzishia amlodipini, dawa ya presha. Mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 58, na mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo. Nikiwa ndani ya bajaji kurudi nyumbani nilitoa 43 kwenye 58, nikabaki nikiitazama ile 15.

Sikuhitaji kuulizwa nimefikaje hapo. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye kiti cha mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, nikinywa soda mbili kwa siku, moja saa 5 na nyingine saa 9 alasiri, kisha nikifika nyumbani nimechoka na kumtuma mtoto chipsi mayai kwa sababu nguvu za kupika sina. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai. Mbili ni gramu 74, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Hapo sijahesabu vijiko vitatu ndani ya kila kikombe cha chai.

Kabla ya ratiba hii nilikuwa nimejaribu njia nyingine mbili. Ya kwanza ni majani ya kupunguza tumbo yanayotangazwa mitandaoni, ambayo yaliniharisha wiki nzima na hayakuniachia kitu. Ya pili ni jimu moja ambayo sitaitaja, ambako nililipa miezi mitatu kwa mkupuo. Siku ya kwanza mwalimu aliniagiza kuchuchumaa na kuinuka mara 100 mbele ya watu, akanihesabia kwa sauti, na nilipofika 60 na kitu nikiwa natetemeka aliniambia kwamba mafuta hayatoki kwa kubembelezwa. Nilishindwa kushuka ngazi za kazini kwa siku tano, nikawa nashuka kinyumenyume nikishikilia ukuta. Sikurudi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mimi ni mvivu kwa asili. Sasa ninajua kwamba mwili uliokaa miaka 15 haupewi kipimo cha mwili unaofanya mazoezi kila siku, na anayeutoza hivyo ndiye mwenye kosa.

Ratiba yenyewe ililetwa na mdogo wangu anayeishi Birmingham. Alinitumia kwa WhatsApp mafaili ya sauti yaliyotolewa bure na huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ambamo mwanamke anayeitwa Laura anakuelekeza lini ukimbie na lini utembee, huku muziki ukipiga nyuma yake. Chini yake aliandika, “Dada, fanya hivihivi ilivyo. Usiongeze hata sekunde.” Nilikuja kusoma baadaye kwamba aliyeibuni ni Mmarekani Josh Clark, mwaka 1996, akimfikiria mama yake mwenye miaka hamsini na kitu aliyetaka kuanza kujongea. Jambo hilo lilinigusa, kwa kuwa inaonekana ndani ya kila hatua: ni ratiba iliyoandikwa na mtu anayemhurumia atakayeifuata. NHS iliichukua, ikaitia sauti, na baadaye ikaitengenezea programu ya simu ambamo unaweza kuchagua sauti ya kukuongoza; miongoni mwa zilizowahi kuwamo ni ya mwanariadha Michael Johnson, aliyetwaa dhahabu ya mita 200 na ya mita 400 huko Atlanta mwaka huohuo wa 1996. Mimi nilibaki na Laura kwa sababu ndiye niliyetumiwa.

Muundo wake ni mwepesi kuelewa. Kuna wiki 9, na kila wiki ina siku tatu za kukimbia, ambazo baina yake lazima pawe na siku ya mapumziko. Kila siku huanza kwa dakika 5 za kutembea kwa haraka na kumalizikia kwa dakika nyingine 5 za kutembea ili mwili upoe. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mara 8. Wiki ya pili unakimbia sekunde 90 na kutembea dakika 2. Wiki ya tatu inaingiza dakika 3 za kukimbia bila kusimama, ya nne inaingiza dakika 5, na kuanzia hapo vipande vya kutembea vinapungua mpaka wiki ya tisa, ambayo siku zote tatu unakimbia dakika 30 mfululizo. Mtu mwenye afya anaweza kuidharau wiki ya kwanza akiisoma. Mimi niliisoma nikaiogopa.

Nilianza Jumanne ya 16 Januari 2024, baada ya swala ya alfajiri, kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani kwetu, kwa sababu hapo mchanga ni laini na hakuna pikipiki. Nilivaa suruali ya mazoezi, dira fupi juu yake, na mtandio niliouchomeka nyuma ya shingo. Pembeni ya kiwanja kuna jirani anayeuza maandazi, na saa hiyo alikuwa anapepea jiko la mkaa. Sekunde 60 za kwanza zilipita. Za pili zilipita. Kwenye za tano kichomi kilinishika ubavu wa kulia, nikasikia mapigo ya moyo ndani ya masikio yangu, kisha Laura akasema tembea, na nilipoanza kutembea pumzi ikarudi yenyewe kabla sijaitafuta. Hapo ndipo nilipoielewa akili ya ratiba hii: inakuondoa kwenye shida muda mfupi kabla hujaona kwamba umeshindwa. Nilimaliza zote 8. Nilipopita mbele ya jiko, jirani yangu alisema, “Pole, jirani,” nami nikamjibu nimeshapoa, ingawa jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye kope.

Wiki hiyo ya kwanza niliifanya mara mbili. Karatasi ya ratiba haikatazi kurudia, na ninamshauri kila mzito mwenzangu afanye hivyo bila kujiona amechelewa, kwani moyo na mapafu huzoea kwa haraka kuliko mishipa ya kisigino, ugoko na magoti, na anayesikiliza pumzi peke yake hukimbilia wiki ya tatu huku miguu yake ingali kwenye ya kwanza. Siku ya mapumziko nayo ni sehemu ya dawa. Nilizoea kudhani kwamba siku nisiyofanya kitu ni siku iliyopotea, kumbe ndiyo siku ambayo misuli iliyochanika kidogokidogo hujishona.

Kuhusu kasi, Laura anarudia mara kwa mara kwamba uende taratibu, kasi ambayo unaweza kuzungumza. Maneno hayo ni rahisi kuyasikia na magumu kuyatii, kwa sababu anayeanza hukimbia kama anayefukuzwa. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, nilijiwekea kipimo changu: nisome Alhamdu kwa sauti ya chini bila kukata aya katikati. Nikiikata, ninakimbia haraka mno, ninapunguza. Kuna siku nilipunguza hadi mzee mmoja anayetembea kwenda msikitini akanipita, tukaamkiana, naye akaniombea dua. Asiyesoma Alhamdu anaweza kutaja majina ya wanawe na wapwa zake kwa mfululizo; maana ni ileile.

Nizungumzie viatu, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia. Nilikwenda soko la Karume nikanunua raba za mtumba kwa shilingi 35,000, nzuri za kutazama, nyeupe, kamba mpya. Wiki ya tatu ugoko ulianza kuniuma, maumivu yanayopanda kutoka juu kidogo ya kifundo cha mguu na kuenea upande wa ndani, na nikigusa mfupa kwa kidole ninaruka. Mdogo wangu aliniambia nibonyeze soli kwa dole gumba kutokea pembeni. Nilibonyeza, sponji haikuingia hata kidogo. Ilikuwa imekauka kama ubao, na kwa ndani, chini ya kisigino, kulikuwa na mikunjo midogomidogo kama ya ngozi ya mzee. Kiatu cha kukimbia kinachakaa kwenye sponji kabla hakijachakaa kwenye soli, na muuzaji wa mtumba hukiosha nje tu. Nilipumzika siku sita, nikarudi Karume nikabonyeza jozi kama 20 mbele ya kijana aliyenivumilia sana, mpaka nikapata moja inayobonyea na kurudi. Maumivu yaliondoka ndani ya wiki mbili. Pamoja na viatu, mwanamke yeyote mwenye kifua kikubwa anunue sidiria ya michezo inayobana sawasawa, tena mpya. Hiyo haijatajwa popote kwenye sauti nilizopokea, na bila hiyo sekunde 60 ni adhabu.

Upungufu mkubwa wa kwanza wa ratiba hii kwetu ni lugha. Mimi Kiingereza ninakielewa, lakini pumzi inapokata, akili haitafsiri. Mara mbili nilisikia maneno na nikaendelea kukimbia kwa kutokuelewa kwamba nimeambiwa nitembee. Binti yangu wa miaka 12 ndiye aliyetatua. Alichukua simu yangu, akaweka kipima muda cha simu ya baba yake pembeni, akajifungia chumbani, akarekodi wiki ya nne yote kwa sauti yake: “Mama, anza kutembea. Mama, bado nusu dakika. Mama, sasa kimbia, taratibu.” Ndani ya rekodi hiyo, dakika ya 14 hivi, jogoo wa jirani anawika na yeye anacheka kidogo kabla ya kujirekebisha. Tangu siku hiyo Laura nilimwachia wenye lugha yake. Ninawaomba wanaoshughulika na afya ya jamii katika nchi zetu walione jambo hili: mafaili 27 ya sauti kwa Kiswahili ni kazi ya wiki moja kwa mtu mwenye kipaza sauti kizuri, na yangefika mahali ambapo jimu haitafika kamwe.

Wiki ya tano inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo inayowakatisha tamaa wengi na ndiyo iliyonigeuza mimi. Siku ya kwanza yake unakimbia dakika 5 mara tatu. Siku ya pili unakimbia dakika 8, unatembea dakika 5, unakimbia tena dakika 8. Kisha siku ya tatu, bila hatua ya katikati, karatasi inasema: kimbia dakika 20. Nilipoiona nilidhani mdogo wangu amekosea kutuma. Nilimwandikia, akanijibu kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba yeye mwenyewe siku hiyo alilia. Usiku wa kuamkia Jumapili ya 3 Machi sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda Daraja la Tanzanite, lile lililozinduliwa rasmi Machi 2022, lenye urefu wa kilomita 1.03 juu ya maji kutoka upande wa Coco Beach hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan, kwa sababu alfajiri ya Jumapili watu wa mazoezi hujaa pale na upepo wa bahari hupunguza fukuto. Dakika ya 8 ilipopita mwili wangu ulisimama wenyewe kwa mazoea, nusu hatua, kama punda aliyefika mlangoni kwake. Niliuendeleza. Dakika ya 11 nikaanza kusoma Alhamdu, aya hazikukatika. Dakika ya 15 nilifika mwisho wa daraja, nikageuka, na jua lilikuwa limeshatoka baharini upande wangu wa kushoto, maji yamekuwa na rangi ya shaba, na mbele yangu kikundi cha vijana wenye fulana za manjano wanakuja wakiimba kwa kuitikiana. Mmoja wao alipiga makofi mara mbili alipokuwa ananipita. Binti yangu aliposema ndani ya sikio, “Mama, umemaliza, tembea,” niliendelea kukimbia hatua kadhaa kwa kutoamini.

Baada ya kuifikiria sana ninaona kwamba mruko ule si uzembe wa mtunzi. Siku ya pili ya wiki hiyo umeshakimbia jumla ya dakika 16, na zile dakika 5 za kutembea katikati zinakusaidia zaidi moyoni kuliko miguuni. Kwa wiki nne miguu imekuwa ikijengwa bila wewe kujua, na siku hiyo ratiba inakuonyesha ilichokujengea. Hata hivyo, ninasisitiza kwamba hili linamfaa aliyekuja taratibu. Aliyelipua wiki nne za mwanzo ataumia hapo.

Tarehe 12 Machi Ramadhani iliingia nami nimemaliza wiki ya sita. Sikutaka kukimbia nikiwa na kiu, na daktari naye hakutaka, hivyo mwezi mzima nilitembea dakika 30 saa moja kabla ya futari, siku tatu kwa wiki, nikirudi nyumbani harufu ya uji wa pilipili manga imeshajaa uani. Baada ya Idd sikuendelea na wiki ya saba bali nilirudi ya tano, na dakika 20 zilizonitoa jasho la hofu mwezi wa tatu zikawa za kawaida. Mvua za Aprili zilikigeuza kiwanja chetu kuwa bwawa, ikanibidi nizungukezunguke uani mwa ukumbi wa harusi ambao mlinzi wake alinihurumia. Wikiendi ya Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei, nilibaki ndani. Jumapili ya 19 Mei 2024 nilimaliza wiki ya tisa. Karatasi inasema wiki 9; kwangu zilikuwa wiki 18, na sioni kwamba nilipungukiwa chochote.

Sasa, ukweli kuhusu hizo kilomita 5. Jina linaahidi jambo ambalo wengi wetu hatutalipata katika siku ya mwisho. Dakika 30 ndizo zilizohakikishwa, na umbali unategemea kasi yako. Siku niliyomaliza nilikimbia kilomita 3.8. Kumaliza kilomita 5 katika dakika 30 kunahitaji kwenda kila kilomita kwa dakika 6, na hiyo si kasi ya mtu mzito wa pwani aliyeanza juzi. Nilihuzunika kwa siku moja, kisha nikaendelea kuongeza dakika mbili kila wiki, na mwezi Juni nilifikisha kilomita 5 kwa dakika 40. Ningependa jambo hili lisemwe wazi mwanzoni, kwa kuwa najua watu waliomaliza ratiba nzima, kazi kubwa, na bado wakajiona wamefeli kwa sababu ya tarakimu iliyomo ndani ya jina.

Upungufu mwingine ni kwamba haisemi lolote juu ya chakula. Anayetarajia kukonda kwa kukimbia peke yake atavunjika moyo. Katika wiki 18 zile nilipungua kilo 5 tu, na nina hakika sehemu kubwa ya hizo ilitokana na kuacha soda, kwani kukimbia dakika 25 mara tatu kwa wiki hakuwezi kulipia chupa 14 za soda na sahani tano za chipsi. Lakini kukimbia kulifanya jambo ambalo nasaha za miaka mingi hazikulifanya: kulinipa sababu ya saa hiyohiyo. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri kwenda kukimbia hali chipsi mayai saa 4 usiku, kwa sababu anajua zitamkaa kifuani kesho. Nilianza kupika kunde na mchicha Jumapili, ninagawa kwenye vibakuli, na chai ninainywa na kijiko kimoja. Mwaka mmoja baada ya kuanza, Januari 2025, nilikuwa na kilo 82. Sukari ya asubuhi ilikuwa 5.5, na presha ilikuwa ikicheza kwenye 128 kwa 82. Dawa imepunguzwa kutoka miligramu 10 hadi 5, na aliyeipunguza ni daktari baada ya kunipima miezi kadhaa, si mimi. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nina ndugu aliyeacha vidonge siku alipoanza mazoezi, na tulimwuguza.

Nguvu za misuli nazo hazimo. Kuanzia wiki ya nne niliongeza, siku za mapumziko, kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10 kwa awamu tatu, na kusimama kwenye ngazi ya mlangoni nikipanda na kushuka kwa vidole vya miguu. Magoti yalitulia kwa hayo kuliko kwa marashi yoyote niliyopaka. Joto pia halikufikiriwa. Fukuto la Januari na Februari hulifanya jasho lisikauke, mwili haupoi, na kasi ambayo mtu wa Birmingham anaiita ya taratibu kwetu huweza kuwa ya kuzimia. Dawa yake ni kukimbia kabla jua halijapanda, kunywa maji usiku na asubuhi, na kukubali kwenda polepole zaidi.

Wapo watakaouliza kwa nini nisingejiunga tu na klabu ya jogingi, wakati jiji letu limejaa klabu hizo, zenye sare, nyimbo, na moyo wa kuzikana na kuchangiana. Nilijaribu moja kabla ya ratiba, na watu wake walikuwa wema kwangu, lakini umbali wao haukuwa wa mtu anayeanza. Baada ya dakika nne nilikuwa nyuma na kijana aliyeachwa anitunze. Tangu Julai 2024 nimo ndani ya klabu hiyohiyo, ninakimbia katikati ya safu na ninaitikia nyimbo. Ratiba ilinifikisha kwenye mlango wa klabu, na klabu ndiyo inayonifanya nisiache. Anayeishi karibu na klabu afanye vyote viwili kwa mpangilio huo.

Ninaipa nyota 4 kati ya 5. Inamfaa mtu mzima ambaye hajakimbia miaka mingi, anayeona aibu ya pumzi yake mwenyewe, na aliye tayari kutumia nusu saa mara tatu kwa wiki. Mwenye presha, sukari, maumivu ya kifua, mjamzito au aliyejifungua karibuni apimwe kwanza na aulize. Anayetaka kupungua kilo 10 kabla ya harusi ya mwezi ujao asiianze, atajiumiza. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya jina lake.

Wiki mbili zilizopita jirani yangu wa maandazi aliniuliza kama ile sauti ya mtoto bado ninayo. Tulikwenda pamoja kupima presha yake kwanza, nikambonyezea viatu Karume, na Jumanne alfajiri alimwachia dada yake jiko akaingia kiwanjani na kisikilizi kimoja sikioni mwake, kingine sikioni mwangu. Binti yangu hakuwa amerekodi wiki ya kwanza, kwa hiyo aliirekodi Jumatatu usiku, na safari hii anasema, “Mama zangu, anzeni kutembea.” Jirani alimaliza 6 kati ya 8. Alhamisi alimaliza 7. Wiki ijayo tunairudia hiyohiyo.